Siku ya Polikarp Imehama

Jumapili, 2 Januari 1977

Theodory katekista, ambaye jioni hugeuka kuwa mwalimu wetu wa kisomo, ametugawia daftari sisi tuliofaulu mtihani. Daftari lenyewe lina masharti. Kila siku tuandike kitu, hata mstari mmoja, mkono usije ukasahau ulichojifunza. Nikamuuliza niandike nini. Akasema, "Andika unachokiona, Mama Albina. Andika kama unamwambia mtu asiyekujua."

Haya. Naona mvua.

Jumatatu, 3 Januari

Mvua.

Jumanne, 4 Januari

Mvua, na shangazi Bertilla. Amekuja na kigoda chake mwenyewe, maana yake hana mpango wa kuondoka mapema. Huyu ni dada wa marehemu baba mkwe, ndiye aliyemlea mume wangu. Alikaa, akanywa uji wangu wa ulezi mpaka mwisho, ndipo akaliangalia tumbo langu kama mtu anayepima gunia kwa macho.

"Mwisho wa mwezi huu," akasema.

Mume wangu akainuka akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Hatuna ng'ombe.

Jumamosi, 8 Januari

Nimesema nitaandika kama kwa mtu asiyenijua, basi huyo mtu aambiwe, la sivyo hataelewa kwa nini nahesabu siku.

Mume wangu anaitwa Polikarp. Zamani padri hakumuuliza mzazi anataka jina gani, alifungua kalenda akasoma mtakatifu wa siku, basi. Siku ya Mtakatifu Polikarp ni tarehe 26 Januari. Siku hiyohiyo mume wangu alipozaliwa, baba yake alipigwa na radi. Hivyo ndivyo shangazi Bertilla alivyonisimulia wiki niliyoolewa, nikiwa bado sijazoea hata moshi wa jiko lao. Nilicheka. Nilikuwa msichana, nacheka kila kitu.

Mwaka 1958, tarehe 26 Januari asubuhi, nikamzaa Adolfu wetu. Jioni yake mama mkwe wangu, Fransiska, akakata roho chumba cha pili. Nikaacha kucheka.

Mwaka 1967, siku hiyohiyo, Adolfu akitimiza miaka tisa, radi ikampata njiani akitoka shule. Hilo siliandiki zaidi ya hapo. Redio ilipotangaza Azimio la Arusha mimi nilikuwa bado nimekaa chini kwenye mkeka wa matanga, na sikusikia hata neno moja. Watu wakaacha kuniita Mama Adolfu, wakaanza kuniita Mama Albina, kwa jina la binti yetu aliyebaki. Albina alizaliwa kiangazi, ameolewa Matai, mzima.

Baada ya Albina tumbo lilinyamaza miaka na miaka. Sasa nina arobaini na moja, nywele zimeanza kuota mvi, na nimebeba mimba. Wanawake wa kisimani wananicheka mchana kweupe. Wacheke. Kinachoninyima usingizi ni kimoja. Siku ile hutoa mtu na kuchukua mtu. Nikizaa siku ile, nani anaondoka? Albina yuko kwake. Ndani ya nyumba hii tuko wawili tu.

Jumatano, 12 Januari

Nimekwenda zahanati kijiji cha pili. Nesi anaitwa Mwanaheri, binti wa wale wenye duka na malori pale Sumbawanga mjini. Mdogo kama Albina, lakini ulimi wake! Alinigusa tumbo kwa mikono ya baridi.

"Mwisho wa Januari, mama, au ndani ya Februari. Huyu hana haraka."

"Tarehe gani?"

"Ningejua tarehe ningekuwa Mungu, nisingekaa huku kwenye baridi yenu."

Jumamosi, 15 Januari

Palizi ya shamba la kijiji. Balozi wa nyumba kumi aliniona nainama kwa taabu akasema, weka jembe, Mama Albina, utatuzalia kwenye matuta. Nikaweka.

Alhamisi, 20 Januari

Radi imeua kondoo wawili upande wa mabondeni. Huku kwetu Ufipa radi haipigi tu. Watu huuliza imetumwa na nani. Jioni nilisikia jina la shangazi Bertilla likitajwa kisimani, kisha wakaniona, wakaanza kuzungumzia sukari.

Na mimi niseme? Niseme. Baba mkwe alipokufa, yeye alikuwepo. Fransiska alipokufa, yeye ndiye aliyemfumba macho. Adolfu aliletwa nyumbani amebebwa na watu, na wa kwanza kumpokea alikuwa yeye. Nimewaza hivyo miaka kumi, nikimpa uji kwa mikono miwili na kumwambia shikamoo.

Jumanne, 25 Januari

Tumbo limeshuka. Nimemwambia mume wangu ni uchovu. Hakuniamini. Amekagua paa, ameondoa kila kitu cha chuma kilichoegemea ukuta, jembe, panga, sufuria, na baiskeli akaipeleka kwa jirani, Epifania. Epifania akamuuliza, "Baba Albina, mnahama tena?" Amejibu kitu kisichosikika.

Naogopa. Nimeandika neno hilo mara ya kwanza kwa mkono wangu na herufi zake ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Jumatano

Tarehe sitaiandika.

Asubuhi. Hatujatoka. Hatujawasha moto. Ukungu umejaa mpaka mlangoni.

Mchana. Shangazi Bertilla amekuja na kigoda chake, akakaa kizingitini, mgongo kwetu, uso nje. Nikajiuliza anazuia kitu kisiingie au anatuzuia tusitoke. Mume wangu amekaa kitandani ameshika rozari haisogezi. Mimi nimelala kwa ubavu naongea na tumbo. Kaa humo. Kaa humo mwanangu, humo kuna joto.

Jioni. Ngurumo upande wa ziwa la Rukwa, zinakuja, zinasimama, zinakuja. Kila ikipiga mume wangu ananitazama mimi, mimi namtazama yeye. Tumeoana karibu miaka ishirini na hatujawahi kutazamana hivi.

Alhamisi, 27 Januari

Tumeamka wote! Wawili nje, mmoja ndani!

Nimepika ugali mkubwa na maharage, nimemimina mafuta yote yaliyobaki. Baba Albina amecheka hadi akakohoa. Amemfuata shangazi nyumbani kwake akampelekea kibuyu cha pombe, naye akakimaliza. Nimewaza, labda nimemwonea huyu mama.

Jumamosi, 5 Februari

Leo chama kipya kimezaliwa. TANU na Afro-Shirazi wameungana, sasa ni Chama cha Mapinduzi. Redio ya ofisi ya kijiji iliwekwa dirishani, watoto wa shule wamepita wakiimba, ng'ombe mmoja amechinjwa na mimi nimepewa kipande cha ini kwa sababu ya hali yangu. Mwenyekiti amehutubia mpaka mvua ikamkatiza.

Kabla ya sherehe Theodory alituandikia ubaoni tunakili: 5 Februari 1957, Afro-Shirazi imezaliwa. 5 Februari 1967, Azimio la Arusha limetangazwa. 5 Februari 1977, CCM imezaliwa.

"Mnaona?" akasema. "Siku moja inaweza kubeba mambo makubwa mengi."

Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilinakili mstari wa kwanza, wa pili, na wa tatu mkono ukagoma. Kumbe hata serikali inajua. Kama siku haina nguvu, mbona wameingoja? Wangeweza kuungana Jumatatu yoyote.

Nimejikaza. Siku yetu imeshapita. Nimekula ini langu.

Jumapili, 6 Februari

Mvua.

Alhamisi, 10 Februari

Laiti nisingejua kusoma.

Vitabu vya kisomo havitoshi, kwa hiyo leo jioni Theodory ameshusha kalenda ya kanisa ukutani kwake, ile mpya yenye picha ya mkulima, akasema kila mtu asome mwezi huu kwa sauti. Nilijipendekeza nikasema mimi kwanza. Nilisoma vizuri. Nilisoma kwa kujivuna. Nikafika: "Ishirini na tatu. Mtakatifu Polikarp, askofu na shahidi."

Nikasoma tena. Nikamwambia, mwalimu, kalenda yako imekosewa, Polikarp ni wa Januari. Akacheka kwa upole. "Alikuwa wa Januari, Mama Albina. Roma walipanga upya kalenda, sasa miaka saba au nane. Yeye wamemhamishia Februari. Ninyi mmekaa na ile kalenda ya wamisionari wa zamani, ile iliyoliwa na mende."

Nikauliza tarehe 26 Januari yuko nani siku hizi. Akasema Timoteo na Tito. Watu ambao hata siwajui.

Halafu mama mmoja akaendelea kusoma mstari ule nilioachia, pole pole, kwa kidole, "Ju-ma-ta-no ya Ma-ji-vu." Siku ileile. Mwaka huu zimeangukia pamoja.

Nilirudi nyumbani kwa kushika kuta za watu.

Ijumaa, 11 Februari

Nilimficha mume wangu usiku mmoja tu. Asubuhi nilimwambia. Alikuwa anakula. Akaliweka tonge kwenye sahani taratibu, kama yai.

Tukaenda kwa shangazi Bertilla, maana hakuna mwingine wa kuuliza. Mume wangu akasema, labda siku inafuata tarehe, shangazi, haifuati mtakatifu, na tarehe imeshapita. Alikuwa anaomba aambiwe ndiyo.

Shangazi alikuwa anapepeta ulezi. Akasema, "Mwaka ule wa vijiji sisi tulipakiwa kwenye lori tukaletwa hapa. Nyumba tuliacha. Lakini vyungu vyetu tulikuja navyo, na magonjwa yetu, na marehemu wetu. Sasa huyo mtakatifu amehamishwa, aje mikono mitupu?"

Nilimchukia. Ningeweza kumwagia ule ulezi wake wote chini.

Jumatatu, 14 Februari

Zahanati. Nimemwomba nesi Mwanaheri dawa ya kumtoa mtoto mapema, leo, kesho, siku yoyote kabla ya Jumatano ya wiki ijayo. Amenitolea macho. Ikabidi nimweleze yote, nikilia kama mtoto. Hakucheka, hilo namshukuru.

Akasema, "Mama, kwetu sisi Waislamu tunahesabu kwa mwezi mwandamo. Siku aliyofia babu yangu mwaka huu iko mvuani, miaka michache ijayo itakuwa kiangazi, na baadaye itakuwa kipupwe. Inazunguka mwaka mzima. Sasa mauti yanayofuata tarehe yaitafute wapi?"

"Kwenu haiwezi kuwapata," nikasema. "Kwetu imekaa mahali pamoja."

"Imekaa wapi, na umeniambia sasa hivi imehama?"

Nikajifunga khanga vizuri niondoke. Akaendelea, "Januari na Februari ndiyo miezi ya radi, na malaria, na njaa. Hapa zahanati ndipo panapojaa. Watu wenu wamekufa wakati ambao watu hufa. Ukianza uchungu, uletwe hapa. Mapema. Kwa umri wako usicheze. Unanisikia?"

Nilimsikia. Njiani kurudi nilibeba mzigo wa kuni mkubwa kama wa punda, kwa makusudi. Tumbo halikushtuka.

Alhamisi, 17 Februari

Nimebeba maji. Nimetwanga. Hakuna kitu.

Jumapili, 20 Februari

Mume wangu hatulii. Anatengeneza vitu. Ametengeneza mlango, kigoda, mpini wa jembe, amenikatia kuni za miezi miwili. Nikamuuliza za nini zote hizi. Akasema, "Utazihitaji." Utazihitaji, si tutazihitaji. Mimi nasoma siku hizi, naona tofauti.

Jumanne, 22 Februari

Kama haji leo, basi asije kesho. Nimeamua. Kesho hakitatoka kitu ndani yangu hata mbingu zianguke. Kesho kutwa aje na karamu nitamfanyia.

Jioni. Mgongo unauma kwa vipindi. Sijamwambia mtu.





Ijumaa, 25 Februari

Ukurasa wa nyuma nimeuacha wazi. Sasa nina nguvu ya kukaa, niandike.

Jumatano alfajiri uchungu ulikuwa wa kweli. Niliujua, nimezaa mara mbili, hauwezi kunidanganya. Nikavaa, nikajifunga khanga mbili, nikaenda kanisani na mume wangu kama kawaida. Padri alikuwa amebariki majivu huko Kaengesa, Theodory ndiye aliyetupaka. Nilipofika mbele yake akasema yale maneno, kumbuka wewe ni mavumbi na mavumbini utarudi, na wakati huohuo uchungu ukanishika, nikauma khanga yangu. Akadhani ni toba.

Mume wangu naye akapakwa. Nje ya kanisa alinitazama usoni kwa muda, akanirekebisha khanga begani, kitu ambacho hajakifanya tangu tuoane. Akasema, "Nakwenda kuangalia matuta ya mbali. Usinisubiri kula." Akapanda baiskeli.

Nilishukuru! Ndiyo, nilishukuru, kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kuniona. Nikaingia ndani, nikakaa sakafuni nimeshikilia nguzo ya kati, nikabana miguu. Kila kipindi cha uchungu kilipokuja nilikirudisha. Nilikiambia, kesho. Mvua ikaanza, ngurumo zikaanza, chupa ikapasuka, nikakaa palepale kwenye maji nikisema kesho, kesho. Kuna wakati mtoto aliacha kucheza. Nililijua hilo pia. Nikawaza, afadhali atulie. Mungu anisamehe, niliwaza hivyo.

Shangazi Bertilla aliingia bila hodi, amelowa, kigoda kichwani kama kofia.

"Umeanza."

"Sijaanza."

Akapiga magoti akanigusa. Uso wake ukabadilika. Akatoka mlangoni akapiga kelele ambayo sikujua kama kifua kile cha kizee bado kinayo, Epifania akaja mbio. Shangazi akamwambia, chukua baiskeli ya Polikarp ukamlete nesi. Baiskeli haipo. Basi kimbia kwa miguu! Na Epifania akakimbia, mvua ile, mito ile imejaa.

Tukabaki wawili.

"Sukuma."

"Kesho, shangazi."

"Sukuma, mwanamke!"

"Nikimsukuma leo, Polikarp anakufa. Umesema mwenyewe. Miaka yote umesema mwenyewe."

 Radi ikapiga karibu sana, nyumba yote ikawa nyeupe. Nikamwona amefumba macho kama mtoto, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba yule mama alikuwa anaogopa kuliko mimi. Kisha akanishika mashavu kwa mikono miwili, akanisemea usoni kwa nguvu hadi nikasikia pumzi yake.

"Nisikilize. Kaka yangu hakufa siku ya Polikarp. Alikufa wakati wa kupanda. Tulikuwa tumeshamzika, matanga yameshakwisha. Mtoto naye alizaliwa sijui lini, nani alikuwa na kalenda? Padri alikuja mvua ilipopungua, akawabatiza watoto wote kwa pamoja, wenye meno na wasio na meno, akafungua kitabu chake, mtoto wetu akaangukiwa na jina hilo. Ile ni siku ya ubatizo! Mimi ndiye niliyeziunganisha. Nilikuwa na msiba, nilikuwa na mtoto mchanga wa mtu mgongoni, nilitaka iwe na sababu. Hakuna siku. Unasikia? Hakuna siku!"

"Na Fransiska?"

"Fransiska alikohoa damu tangu mavuno, uliona mwenyewe."

"Na Adolfu?" Nililia jina lake. Sikuwa nimelitamka ndani ya nyumba hii.

"Adolfu alipigwa na radi kwa sababu ilikuwa radi!" Naye akawa analia. "Sukuma, Josefina. Sukuma, nakuomba. Sitaki kupokea mwingine amekufa."

Hajawahi kuniita kwa jina langu. Nikasukuma.

Alitoka wa bluu, kimya, kitovu kimemzunguka shingoni. Shangazi alikitoa kwa kidole, akamgeuza kichwa chini, akamfuta mdomo, akampulizia, akampiga, akamwita majina mabaya ya Kifipa ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari la katekista. Mimi nilikuwa natazama mlango. Nilikuwa nasubiri mtu aje kuniambia Polikarp amekufa, na wakati huohuo nasubiri mtoto alie, na sikujua ni kipi kitakuja kwanza.

Alilia mtoto. Msichana.

Nesi Mwanaheri alifika amechafuka matope hadi kiunoni, kiatu kimoja kimechukuliwa na mto. Akamkagua mtoto, akanikagua mimi, akanishona, na kila sindano akanitukana. "Nilikuambia nini? Uletwe mapema! Saa moja zaidi ningekuta maiti mbili. Hapo ndipo mngesema ni siku." Nilimwitikia kila neno, ndiyo nesi, ndiyo nesi. Kisha akainama akamsikiliza tena mtoto kifuani, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akajifuta macho kwa mkono wenye matope.

Jua linatua, Polikarp akaonekana. Anasukuma baiskeli, amelowa, majivu yamemtiririka hadi kwenye pua. Alikuwa kule mahameni, kwenye kijiji chetu cha zamani. Alifyeka kaburi la baba yake, akakaa penye msingi wa nyumba tuliyobomoa, peupe, na jembe la chuma begani, mvua yote ile.

"Nilikwenda kuingoja," akasema. "Nilisema ikija inikute kwenye nyumba inayoijua, isifike hapa kwenu."

"Na baiskeli?"

"Baiskeli?"

"Epifania amekimbia kwa miguu kumwita nesi! Ulikwenda kufa na baiskeli, Polikarp? Kufa mtu haendi kwa miguu?"

Nikamtupia kata ya maji. Ikampata kifuani. Akaiokota, akaikalisha vizuri juu ya mtungi, ndipo akamwona mtoto mikononi mwa shangazi, akakaa chini kwenye mlango alioutengeneza mwenyewe, akalia kwa sauti, na majirani wakatoka mbio wakidhani ni msiba. Waliingia wanalia wakatoka wanacheka.

Jumapili, 27 Februari

Theodory amekuja na kalenda kwapani kuuliza jina. Mume wangu akamwambia, kalenda irudishe ukutani. Tunamwita Bertilla.

Shangazi alikuwa kwenye kigoda chake anakunywa uji. Akaweka kikombe. "Msimpe mtoto jina la mwongo," akasema.

Tulipobaki wawili nikamsogelea. Nikamuuliza pole pole, kwa heshima. "Shangazi, uongo upi? Ule wa miaka yote, au ule wa Jumatano?"

Akamfunika mtoto miguu.

"Ulisukuma, au hukusukuma?"

"Nilisukuma."

"Basi nipe uji."

Nikampa, kwa mikono miwili. Miaka kumi nimempa uji hivyohivyo, leo tu ndiyo nilitaka anywe.

Mwaka ujao siku hiyo nitaogopa, najijua. Nitaogopa Januari na nitaogopa Februari, kila ngurumo itanikuta nahesabu watu wangu. Lakini sasa hivi mtoto amelala, mume wangu anakoroma, shangazi kanibebea mtoto mgongoni kwake akaenda naye ukumbini, na mvua imepumzika. Nimefungua ule ukurasa nilioruka. Nimeandika kwa herufi kubwa, kama Theodory anavyoandika ubaoni.

23 Februari 1977. Amezaliwa Bertilla. Hakufa mtu.